Kuipa rangi sehemu moja tu ya picha ya nyeusi na nyeupe: mwongozo kamili

Wasomaji wameniletea picha nyingi za bibi na babu zao walizojaribu kuzitia rangi sehemu moja, na nyingi zimeharibikia mahali palepale. Kuna iliyopakwa nyekundu ikatoka kijivu. Kuna ambayo kanga imegeuka kama karatasi ya nailoni, haina mkunjo wala ua. Kuna ambayo rangi imevuka kanga, ikapanda shingoni na kutambaa ukutani. Na kuna waliohifadhi kazi yao juu ya faili ya awali, sasa ya awali haipo. Hilo la mwisho linaniuma kuliko yote, maana picha ya studio ya zamani mara nyingi ni nakala moja tu katika ukoo mzima.

Chanzo cha mengi kati ya haya ni kimoja. Mtu anapaka rangi juu ya picha mpaka anaifunika, wakati anachotakiwa ni kuiacha picha kama ilivyo na kuilazia juu rangi inayopitisha kijivu cha chini. Mikunjo, vivuli na sehemu zinazong'aa tayari zimo kwenye picha. Ukivizika chini ya rangi, hakuna brashi itakayovirudisha.

Nitatumia mfano mmoja hatua zote: picha ya studio ya bibi aliyeketi kwenye kiti, amejitanda kanga, nyuma yake pazia. Tunaipa rangi kanga peke yake. Mwishoni nimeweka njia ya simu kwa wale ambao picha yao ilikuwa na rangi tangu mwanzo.

## Vitu vya kuandaa

- Picha yenyewe ya karatasi. Usitumie ile iliyotumwa WhatsApp na shangazi miaka miwili iliyopita. Imebanwa, na mistari midogo imeshapotea.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi.
- Programu ya GIMP. Ni ya bure kabisa na inapatikana gimp.org. Inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac.
- Mausi. Kufuata ukingo wa kanga kwa kidole kwenye padi ya kompyuta ni mateso, na ukingo utaonyesha hivyo.
- Skana, au simu yenye kamera safi.
- Brashi laini, kavu na mpya ya kufutia vumbi. Ya podari inafaa.
- Mtu anayekumbuka rangi. Huyu ni muhimu kuliko programu.

## Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja

Kitu utakachokipa rangi kiwe na mipaka inayoonekana na kiwe na sababu ya kutazamwa. Kanga ya bibi, shanga za mpiga ngoma ya muheme, shuka la mzee, ua mkononi mwa bibi harusi. Kimoja tu. Vikiwa vitatu, jicho halijui liende wapi.

Usichague kitu kilichotapakaa. Hapa Dodoma na vijijini kote, udongo mwekundu unakuvutia uutie rangi, lakini udongo uko chini ya kila mguu na umepanda kwenye kila ukuta. Utaanza na ardhi na kumaliza na picha nzima. Mbuyu nao uache. Gome lake hata kwa macho limekaribia kijivu, hivyo hakuna utakachoongeza.

Uso pia uache. Ngozi ya mtu haina rangi moja: paji la uso, shavu na chini ya kidevu vyote vinatofautiana. Kahawia moja iliyolazwa usoni inamfanya mzee wako aonekane amevaa kinyago. Uso ukibaki kijivu na kanga ikapata rangi, uso haupungukiwi na chochote.

## Hatua ya 2: Ulizia rangi kabla hujagusa kompyuta

Kijivu hakikuambii rangi ilikuwa ipi. Nyekundu na kijani vinaweza kutoka kijivu kilekile kwenye karatasi. Anayesema "hii inaonekana ilikuwa bluu" anabahatisha.

Nenda kwa anayejua. Mwonyeshe picha, usimtajie rangi. Muulize tu kanga hii ilikuwaje. Ukimwambia "bibi, hii ilikuwa nyekundu, siyo?" atakuitikia kwa heshima na hutapata ukweli.

Kama kanga yenyewe bado ipo sandukuni, una bahati kubwa. Usichukue rangi ya juu, imeshachuja kwa jua na sabuni. Tafuta mahali kitambaa kilipokunjwa na kushonwa ukingoni, fungua mkunjo kidogo kwa ukucha utazame ndani. Pale jua halikufika, na nyekundu ya ndani inaweza kuwa imekoza kuliko ya nje. Piga picha sehemu hiyo kivulini, mchana, bila taa ya kamera. Baadaye utaichukua rangi hiyo kwa kitufe cha O cha GIMP, kile kinachonyonya rangi kutoka kwenye picha nyingine.

Kama hakuna anayekumbuka na kitambaa hakipo, ushauri wangu ni kuchagua kitu kingine kwenye picha ambacho rangi yake inajulikana. Ukiamua kukisia, waambie unaowapa picha kwamba umekisia.

## Hatua ya 3: Iingize picha kwenye kompyuta

Safisha kwanza. Vumbi la Dodoma miezi ya kiangazi linaingia hata kwenye albamu iliyofungwa, na kila chembe itakuwa doa jeupe kwenye skani. Pitisha brashi kavu taratibu, kutoka katikati kwenda nje. Usitumie kitambaa chenye maji. Picha nyingi za zamani za nyeusi na nyeupe zina tabaka la jelatini juu, na jelatini ikilowa inavimba, inanata na kutoka na kitambaa.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Ipige hivyohivyo kupitia kioo.

Kwa skana, mwambie wa steshenari mambo matatu, na usimame pale pale akifanya:

- Dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi), siyo 150 wala 200. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa takribani pikseli 2,360 kwa 3,540, zinazotosha kuona uzi wa kanga.
- Askani kwa mfumo wa rangi, ingawa picha ni ya nyeusi na nyeupe. Sababu utaiona hatua ya 4 na ya 5.
- Faili iwe PNG au TIFF. Ikishindikana, JPG ya ubora wa juu. Isiwe PDF.

Na kioo cha skana kifutwe kwanza. Omba tu, hakuna atakayekukatalia.

Kwa simu, laza picha mezani barazani, kwenye kivuli chenye mwanga mwingi. Jua la moja kwa moja litatoa mng'ao. Simu ilale sambamba na meza kabisa. Ikiinama kidogo, picha itakuwa pana upande mmoja. Inua simu juu kiasi kisha vuta kwa zumu ya 2x, badala ya kuisogeza karibu sana, maana lenzi ya simu inapinda kingo ikiwa karibu. Kama kuna mng'ao wa kioo, mtu ashike kanga nyeusi au kitambaa cheusi nyuma ya simu.

Umefanikiwa kama: ukikuza picha mpaka asilimia 100 unaona maandishi ya kanga au kope za macho, na pembe nne za picha ziko mraba.

## Hatua ya 4: Fungua, hakiki mfumo, hifadhi

Fungua faili kwenye GIMP. Nenda menyu ya "Image", kisha "Mode". Kama alama iko kwenye "Grayscale", hamishia "RGB", yaani mfumo wa rangi, hapohapo.

Hapa ndipo wale waliopaka nyekundu ikatoka kijivu walipokwama. Picha iliyoskaniwa kwa kijivu inaingia ikiwa na mfumo wa kijivu, na ndani ya mfumo huo hakuna nafasi ya rangi yoyote. Unachagua nyekundu, programu inaibadilisha kuwa kijivu chake bila kukuambia. Unaweza kufuta na kupaka upya siku nzima.

Kisha "File", "Save As", uipe jina jipya lenye mwisho wa .xcf, aina ya faili ya GIMP yenyewe. Faili ya awali usiiguse tena. Inakili kwenye fleshi na kwenye barua pepe yako. Kuanzia sasa bonyeza Ctrl+S kila unapomaliza kipande, maana umeme haukupi taarifa.

## Hatua ya 5: Weka kijivu sawa

Rangi nzuri inakaa juu ya kijivu kizuri.

Anza kwa kurudufu leya ya picha kwa Shift+Ctrl+D, ufanye kazi kwenye nakala. Leya ni karatasi zilizopangwa juu ya nyingine. Unaona ya juu, ya chini inabaki salama. Kama huoni orodha ya leya, bonyeza Ctrl+L.

Picha za zamani zina manjano ya uzee na madoa ya kahawia. Nenda "Colors", "Desaturate", "Mono Mixer". Weka nyekundu iwe 1, kijani 0, bluu 0. Madoa ya manjano yatafifia sana, mengine yatatoweka, kwa sababu manjano ni nyeusi kwenye mwanga wa bluu lakini ni karibu nyeupe kwenye mwanga mwekundu. Hii ndiyo faida ya kuskani kwa rangi. Kama picha yako haina madoa, iache mizani ya kawaida.

Halafu "Colors", "Levels". Sogeza pembetatu nyeusi ya kushoto mpaka pale mlima wa grafu unapoanzia, na nyeupe ya kulia mpaka unapoishia. Usivuke.

Sasa tazama kanga. Kama ina sehemu nyeupe kabisa, iliyochomwa na taa ya studio, rangi haitakaa pale, kwa njia tunayoitumia. Rudi kwenye "Levels", kwenye mstari wa chini ulioandikwa "Output Levels", shusha namba ya kulia kutoka 255 hadi 240 au 235. Nyeupe inakuwa kijivu chepesi, na kijivu kinashika rangi.

Mikwaruzo iondoe kwa kifaa cha "Heal", kitufe H: shikilia Ctrl ubofye mahali safi, achia, kisha paka juu ya mkwaruzo. Usishughulike na kila kidoa. Futa kile kinachokata kanga na uso, vingine ni umri wa picha.

## Hatua ya 6: Laza rangi

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote. Isome mara mbili.

Bofya kisanduku cha rangi ya mbele, na kwenye "HTML notation" andika rangi yako. Hizi ni za kuanzia, zote nimezipunguza ukali:

- Nyekundu: 9c3a34
- Rangi ya chungwa: c0803a
- Manjano: b89a3e
- Bluu: 3f5f8c
- Kijani: 5a7a4a

Kwenye kisanduku zitaonekana zimepoa. Zikifika kwenye kanga zitatosha. Nyekundu kali kabisa, ile ya ff0000, inawaka kuliko kitambaa chochote cha pamba, ndiyo maana kanga za wengi zinatoka kama nailoni.

Sasa "Layer", "New Layer". Pale "Fill with" chagua "Foreground color". Pale "Mode" chagua "HSL Color". Iko kwenye kundi la zile zinazoanza na HSV. Bonyeza OK.

Picha nzima itageuka na kuwa na wekundu, lakini bado unamwona bibi, kiti, pazia, kila mkunjo. Hapo umepatia. Kama unaona ubao mwekundu mtupu, "Mode" imebaki "Normal". Ibadilishe juu ya orodha ya leya.

"HSL Color" inachukua aina ya rangi na ukali wake kutoka leya ya juu, na mwanga na giza kutoka leya ya chini. Kwa hiyo nyeusi inabaki nyeusi, nyeupe inabaki nyeupe, na katikati yake ndiko rangi inakaa.

## Hatua ya 7: Maski, na kupaka kwa nyeupe

Bofya kulia kwenye leya ya rangi, "Add Layer Mask", chagua "Black (full transparency)", kisha "Add". Rangi yote inapotea. Usishtuke, ipo, imefichwa. Maski nyeusi inaficha, maski nyeupe inafunua. Kazi yako sasa ni kufunua kanga peke yake.

Bonyeza D, kisha X. Rangi ya mbele inakuwa nyeupe. Usiruke hili. Maski haijui rangi, inajua weusi na weupe tu. Ukiipaka kwa nyekundu uliyoacha kwenye brashi, itaisoma kama kijivu, na kanga itapata rangi nusunusu hujui kwa nini.

Hakikisha pia umebofya picha ndogo ya maski, siyo ya leya iliyo kando yake. Iliyochaguliwa ina ukingo mweupe. Kama unapaka na hakuna kinachotokea kwenye kanga, uko kwenye leya.

Chukua brashi kwa kitufe P, aina ya "Hardness 075". Kuza picha mpaka asilimia 200. Ongeza au punguza ukubwa wa brashi kwa vitufe vya mabano mraba. Anza katikati ya kanga kwa brashi kubwa, jaza, halafu shuka ukubwa na ufuate ukingo.

Ukivuka, bonyeza X upate nyeusi, rudisha, bonyeza X tena. Nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi. Ndiyo uzuri wa maski: hakuna kosa lisilorudishika. Anayetumia kifutio hana nafasi hiyo, alichokifuta kimekwenda.

Mahali pa kutuliza mkono ni pale kanga inapogusa ngozi, yaani shingoni na kwenye kiwiko. Jicho linaona hata pikseli mbili zilizopanda kwenye shingo. Kanga inapogusa kiti au kivuli, hakuna atakayeona.

Umefanikiwa kama: ukizima na kuwasha alama ya jicho kwenye leya, kanga pekee inabadilika, na mikono imetulia kijivu.

## Hatua ya 8: Lainisha ukingo

Ukingo uliokatwa kwa brashi unakuwa mkali kuliko picha yenyewe. Picha ya zamani haina ukali huo, ndiyo maana kanga inaonekana imebandikwa kwa gundi.

Ukiwa kwenye maski, nenda "Filters", "Blur", "Gaussian Blur", weka 1 hadi 1.5. Isizidi 3, la sivyo rangi inaanza kuvuja shingoni. Basi.

## Hatua ya 9: Pindo, mji na jina

Wengi wanaishia hatua ya 8, na kanga yao inabaki na rangi moja kutoka juu hadi chini. Hakuna kanga ya namna hiyo. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maandishi ya chini. Mwanamke yeyote atakayeitazama picha atajua mara moja kwamba aliyeitia rangi hakuitazama kanga.

Muulize tena yule anayekumbuka: pindo lilikuwa na rangi gani, na mji? Kama pindo ni nyekundu na mji ni wa manjano, tengeneza leya ya pili ya manjano kwa njia ileile ya hatua ya 6 na 7, kisha kwenye maski ya nyekundu paka nyeusi eneo la mji. Pale pindo linapokutana na mji huwa kuna mstari au safu ya maua. Fuata mstari huo, hata kanga inapojikunja na kujificha kwapani. Mahali usipoona mstari kwa sababu ya mkunjo, tazama umetokea wapi upande wa pili, uunganishe.

Jina liangalie kwa karibu, maana hapa kuna raha ndogo ya kazi hii. Maandishi ni meusi, na tulishasema nyeusi haipokei rangi. Huna haja ya kuzunguka herufi moja moja. Kinachohitaji mkono ni ule ukanda ulio nyuma ya maandishi. Kama ulikuwa mweupe, sasa umekuwa kijivu chepesi kwa uzee na kwa ile "Levels", hivyo utapokea wekundu na kuwa waridi. Kwenye maski upake nyeusi ukanda wote, juu ya herufi na katikati yake. Herufi zitakaa vilevile, na jina litasomeka.

## Hatua ya 10: Mwanga na mkunjo

Kitambaa kinapopigwa na mwanga, rangi yake inapauka. Ndani ya mkunjo inakoza na kuelekea kwenye weusi. Leya moja ya rangi haijui hilo.

Kwanza shusha "Opacity", yaani kiwango cha rangi kufunika, ya leya hadi kati ya 65 na 80. Anzia 70 utazame.

Pili, tengeneza leya nyingine ya "HSL Color", rangi ya damu ya mzee iliyotulia, tuseme 6e2a3a, maski nyeusi, "Opacity" 40. Kwa brashi laini, "Hardness 050", paka kwa nyeupe ndani ya mikunjo mikubwa tu. Minne au mitano inatosha.

Tatu, pale mwanga ulipopiga begani, rudi kwenye maski ya nyekundu upake kwa kijivu badala ya nyeusi. Kijivu kinaficha nusu, na bega linapauka kama lilivyopauka siku ile mbele ya taa.

Watu wanaipita hatua hii haraka, na mimi nawasihi wasiipite. Ndiyo inayoifanya rangi iwe ya kitambaa.

## Hatua ya 11: Kagua

Bonyeza Shift+Ctrl+J ili picha yote ionekane kwenye dirisha. Umekaa muda mrefu umekuza, macho yamezoea. Funga kompyuta, fanya mambo mengine, rudi baadaye. Rangi uliyoiona imepoa jioni inaweza kuwa inapiga kelele asubuhi. Nikiwa na shaka, napunguza. Sijawahi kuletewa picha iliyoharibika kwa rangi chache.

Jicho lako likienda kwenye kanga halafu likapanda usoni na kukaa huko, umemaliza. Likibaki kwenye kanga, shusha "Opacity" kwa 10.

Mwonyeshe yule uliyemuuliza rangi. Akisema "hapana, ilikuwa imekoza zaidi", badilisha. Bofya picha ndogo ya leya, siyo maski, chagua rangi mpya, kisha Ctrl+koma, na leya yote inajaa rangi hiyo. Maski haijaguswa, hupaki tena chochote.

## Hatua ya 12: Toa faili na kuchapa

Hifadhi .xcf. Kisha "File", "Export As", jina lenye mwisho wa .jpg, ubora 95. Kwenye jina la faili andika neno "imetiwa rangi", ili miaka kumi ijayo mjukuu asidhani studio ilichapa hivyo. Nakala iliyotiwa rangi isitumike kwenye nyaraka za mirathi au utambulisho. Huko peleka ya awali.

Unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama hati, siyo kama picha, la sivyo itabanwa na ukingo uliohangaikia utavurugika.

Kwa kuchapa kwa sentimita 10 kwa 15 unahitaji angalau pikseli 1,181 kwa 1,772, nawe unazo za kutosha kuchapa kubwa zaidi. Omba nakala moja ndogo ya majaribio kwanza. Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi, hivyo chapa hutoka na giza kuliko ulivyoona. Ikitoka na giza, fungua "Levels" kwenye leya ya picha, sogeza pembetatu ya katikati kushoto kidogo. Na umwambie mchapaji azime marekebisho ya rangi ya mashine yake. Mashine ikiona picha ya kijivu yenye nyekundu kidogo inadhani kuna kasoro, inaongeza bluu kwenye uso wa bibi.

## Kama picha ilikuwa na rangi tangu mwanzo: njia ya simu

Hapa kazi ni nyepesi. Huongezi rangi, unaiondoa kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Mfano ni picha uliyopiga shambani Mpunguzi au Hombolo, mkono umeshika kichala cha zabibu. Au alizeti moja ya Singida mbele ya shamba zima.

Tumia Snapseed, ni ya bure. Vitufe vinaweza kuhama kulingana na toleo, lakini mtiririko ni huu:

1. Fungua picha, nenda "Tools", "Black & White", chagua aina ya kawaida, weka tiki.
2. Bonyeza alama ya orodha ya mabadiliko, kisha "View edits". Gusa "Black & White", kisha alama ya brashi.
3. Bonyeza alama ya kugeuza, ili kijivu kienee picha nzima. Shusha namba ya brashi hadi 0.
4. Paka kidole juu ya zabibu. Rangi inarudi. Ukivuka kwenye vidole vya mkono, panda hadi 100, upake pale, kijivu kinarudi.

Brashi ya Snapseed haina kitufe cha ukubwa. Ukiikuza picha kwa vidole viwili, brashi inakuwa nyembamba kwa kulinganisha. Kwa hiyo kuza sana unapofika ukingoni.

Zabibu zina jambo lake. Juu ya ganda kuna utando mweupe kama unga, unaofutika ukigusa kwa kidole. Ndio unaoonyesha kwamba zimechumwa sasa hivi. Wengi, rangi ikisharudi, wanakwenda "Tune Image" na kupandisha "Saturation" ili zambarau iwake. Utando unazama ndani ya rangi, na zabibu mbichi za shambani zinaonekana za plastiki. Acha "Saturation" ilivyo. Ukitaka zijitokeze, punguza mwanga wa kijivu kinachozizunguka: fungua "Selective", weka nukta kwenye majani ya nyuma, shusha "Brightness" kwa 15 au 20.

Ngazi za 25, 50 na 75 za brashi zitumie pale zabibu zinapojificha nyuma ya jani. Punje iliyo kivulini ipe 50, ibaki na nusu ya rangi. Ukimaliza, hifadhi kama nakala mpya, siyo juu ya ile uliyopiga.